"Olewa, uzae, itaisha"?! Nina watoto wawili, baba!

Binti_Kigogo: Wakuu, leo natoa povu, asiyelitaka apite. Yule daktari wa pale kituoni mnamjua, msijifanye. Yule ambaye hujakaa kwenye kiti ameshaandika "UTI sugu". Kiuno, UTI sugu. Siku zangu zikikaribia nyonga inawaka moto hadi nashindwa kukanyaga klachi, UTI sugu. Ukimpelekea maiti atauliza kama ilikuwa inakunywa maji ya kutosha.

Antibayotiki nilizomeza zinatosha kufungulia duka la dawa. Leo nikaenda na majibu ya mkojo uliooteshwa, hakuna mdudu hata mmoja. Akayasukuma kwa kiwiko, maana mkono mmoja una simu na mwingine una andazi. Nikauliza kwa adabu zote, "Dokta, haiwezi kuwa endometriosisi?" Akamwita kijana wa maabara: "Njoo umsalimie daktari mwenzetu." Wakacheka. Halafu, mdomo umejaa andazi: "Olewa, uzae, itaisha."

Uzae! Faili liko chini ya kiwiko chake, limeandikwa watoto wawili, kwa mwandiko wake mwenyewe! Mkubwa yuko darasa la nne. Pete ninayo kidoleni. Uzae! Tena na andazi mdomoni!

Kisiki: Ngoja waje madaktari.

Nyundo_Moja: Povu lote hili kisa andazi? Ungeomba nusu, dada.

Binti_Kigogo: Nyundo, usinichefue. Nimelipia kumwona daktari, nikamwona anavyotafuna.

Mama_Pili: Pole mwaya, huyo simjui lakini namjua. Mimi niliambiwa PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi, ikaja taifodi, ikarudi UTI. Altrasaundi safi, wakaanza kusema nina mawazo. Kumbe altrasaundi inaweza isione kitu na ugonjwa wa endometriosisi upo. Mimi walikuja kuuona walipoingiza kamera tumboni. Nyama zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mji wa mimba zinaota nje yake, kwenye ovari, kwenye utumbo, hata kwenye kibofu. Zikikaa kibofuni kukojoa kunauma na mkojo ni msafi, ndiyo hapo mtu anabebeshwa sipro, antibayotiki za bure. Na kuzaa hakuuponyi.

Sengi: Naunga mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Millen Magese, Miss Tanzania 2001, kausema hadharani miaka yote hii, bado watu wanaambiwa wanywe maji mengi.

Babu_Mizizi: Hilo ni chango. Njoo inbox.

Mama_Pili: Babu, kaa na mizizi yako. Hapo ulipo unamsubiri mtu aliyekata tamaa.

Mume_Mwema: Na sisi waume nani atatusemea? Wangu kila nikimsogelea anasema panauma. Mimi nikajua kapata mchepuko.

Sengi: Wewe ndiye ugonjwa wenyewe.

Binti_Kigogo: Jamani turudi kwenye hoja. "Uzae." Kwa mwandiko wake mwenyewe. Hata kufungua faili?

Kisiki: Bado tunawasubiri madaktari.

Mjukuu_wa_Chifu: Afadhali wewe ulikwenda na nyonga. Mimi nilikwenda na jino, nikatoka na dawa ya UTI. Nikasema dokta, jino hili hapa. Akasema maambukizi yanapanda.

Nyundo_Moja: 😂😂 Yanapanda na lifti au ngazi?

Fundi_Sauti: Hao bado wana nafuu, wanapima. Jaribuni fundi gari wangu. Gari ikitetemeka, plagi. Ikichemsha, plagi. Juzi kioo cha dirisha kimegoma kupanda, kaniuliza mara ya mwisho nilibadilisha plagi lini.

Mjukuu_wa_Chifu: Huyo wa Tabata?

Fundi_Sauti: Kumbe unamjua!

Mjukuu_wa_Chifu: Ana redio ya gari yangu tangu Ramadhani.

Binti_Kigogo: Hivi mmesoma uzi kweli?

Mume_Mwema: Fundi_Sauti, na gia ikigoma kuingia namba mbili, hiyo nayo ni plagi?

Fundi_Sauti: Kwake ndiyo. Gari gani hiyo? Tupia picha.