Darasa la Jumamosi: Mfalme Harsha

Dada Mkubwa, Alhamisi saa 2:10 usiku: Assalaam alaikum. Darasa la watoto ni keshokutwa baada ya Alasiri, na mpaka sasa amejibu mtu mmoja tu. Narudia mgao. Kaka Mdogo ataanza na vita, yaani jinsi Harsha, mfalme wa India ya Kaskazini wa karne ya saba, alivyokalia kiti cha Thanesar mwaka 606, kijana wa miaka 16 hivi, baada ya Shashanka, mfalme wa Gauda, kumuua kwa hila kaka yake Rajyavardhana. Mjomba atasimulia kushindwa kwa Harsha kwenye mto Narmada. Mimi nitamalizia na Prayag, mahali alipogawa hazina yake.

Kaka Mdogo, 2:31: Xuanzang, yule mtawa wa Kichina aliyefika kwa Harsha, ameandika kwamba tembo wa jeshi la mfalme huyo waliongezeka kutoka 5,000 hadi 60,000. Swali langu ni moja: samadi yote hiyo ilizolewa na nani?

Binamu wa Morogoro, 2:33: Na mtu ambaye banda la mbuzi wanne lilimshinda.

Dada Mkubwa, 2:34: Tafadhali, ndugu zangu. Mjomba, tunakusubiri.

Mjomba, Ijumaa saa 3:48 asubuhi: Mniwie radhi kwa kuchelewa. Narmada naikubali, ila sitaisimulia kama aibu. Pulakeshin wa Pili, mfalme wa Wachalukya, alimzuia asivuke kwenda kusini, na maandishi ya Aihole ya mwaka 634 yanalichezea jina lake, kwa kuwa Harsha maana yake ni furaha, na mshairi Ravikirti anadai kwamba furaha hiyo iliyeyuka kwa hofu. Watoto waambiwe pia kwamba mshairi huyo alikuwa akila kwa Pulakeshin.

Kaka Mdogo, 4:15: Nimetuma picha ya bamba la shaba la Banskhera, la mwaka 628. Tazameni chini kabisa: hiyo ni sahihi ya Harsha mwenyewe, herufi zimeshusha mikia mirefu kama mizizi ya mkoko.

Binamu wa Morogoro, 4:20: Hiyo angalau tumeiona. Ile ya hati ya Pangani hatujaonyeshwa hadi leo.

Dada Mkubwa, 4:21: Hilo si la hapa.

Bibi (nimeandikiwa na mjukuu), 8:05 mchana: Nimesomewa yote. Kwa nini mnaanza na vita? Kijana yule alikwisha kutoka na jeshi kwenda kulipiza kisasi, akasikia kwamba dada yake Rajyashri, aliyeuliwa mume huko Kannauj, ametoka kifungoni na kupotelea katika misitu ya Vindhya. Akaiacha njia ya vita, akamtafuta msituni, akamkuta yu tayari kujitia motoni. Kiti cha Kannauj kilikuja baadaye. Nyumba ya Pangani iliuzwa dada yenu akiwa Muscat, na hakuna aliyeinua simu. Anzeni na dada.

Dada Mkubwa, saa 1:30 usiku: Tumekusikia, Bibi. Basi mgao unabadilika. Prayag inabaki kwangu: mkusanyiko wa mwaka 643, pale Ganga na Yamuna zinapokutana, ambapo kwa siku 75 aligawa hazina ya miaka mitano pamoja na vito alivyovaa, hata akamwomba Rajyashri vazi kuukuu la kujisitiri. Lakini Vindhya sasa ataichukua nani?

Dada wa Muscat, 5:40: Shikamoo, Bibi. Nitaisimulia mimi kwa simu, mtandao ukiruhusu. La Pangani sitaliandika hapa.

Dada Mkubwa, 5:42: Ahsante, mdogo wangu. Kaka Mdogo, vita utavisimulia baada yake? Na kifo cha Harsha cha mwaka 647, alipoondoka bila mrithi na waziri akakinyakua kiti, bado hakina mwenyewe.

Kaka Mdogo, 5:58: Nitajibu asubuhi.

Binamu wa Morogoro, 6:03: Mimi nitaleta visheti.