Naomba ushauri: chuo cha shahada ya masoko kwa binti yangu

Ndugu wanachama, nawasalimu kutoka Jinja. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea shahada ya masoko, ambayo huchukua miaka 3. Tunapima vyuo viwili: Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoko Nakawa, Kampala, na chuo kimoja cha binafsi hapa karibu, ambako angelala nyumbani.

Nimejumlisha ada, chumba, chakula na nauli kwa mihula yote 6, nikaona kwamba Nakawa ingetugharimu karibu mara mbili, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo si ada bali ni maisha ya Kampala. Nimekwama upande wa mapato. Chuo cha binafsi kilinionyesha picha za wahitimu wake, lakini nilipouliza ni wangapi walioajiriwa na kwa mshahara gani, sikujibiwa, jambo lililonitia wasiwasi sana.

Mliosomea masoko, mshahara wenu wa kwanza ulikuwa kiasi gani kwa mwezi, bila kuhesabu kamisheni? Na je, waajiri walijali jina la chuo, au walitazama zaidi mafunzo ya kazini mliyopitia?