Jukwaa au runinga: mwandishi wa Dodoma aanzie wapi?

Msemakweli_Ilazo: Habari zenu wanajamvi. Nimemaliza chuo, nakaa Ilazo, sina mtoto wala mkopo. Kabatini nina igizo la jukwaani la saa moja na nusu, na tamthilia ya runinga niliyofika sehemu ya 4. Nikomae na lipi? Mama anasema niombe ualimu kwanza.

KizotaKwetu: Mama kaona mbali. Ebrahim Hussein na Penina Muhando, waandishi wa maigizo tunaowasifia kila siku, walikuwa wakifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ugali ulitoka darasani, si kwenye viingilio vya getini. Na hapa Dodoma hilo geti lenyewe liko wapi? Kumbi zipo, ila watu wanazijua kwa harusi na semina.

Zabibu_Tamu: Mdogo wangu, mimi nimeandika runinga miaka 4. Sehemu moja ni dakika 20 na ushee, na zikianza kurushwa hazimsubiri mtu. Mwigizaji mkuu kapata ujauzito, prodyuza anakupigia saa 6 usiku: "Msafirishe." Basi kwenye hadithi unampeleka Mbeya, asubuhi wanarekodi. Hela inaingia, sikatai. Ila kuna kampuni ilinunua wazo langu, na msimu wa pili nikamsikia mhusika wangu anaongea maneno ambayo asingeyasema hata kwa viboko. Nilikuwa nimesaini mkataba nikiwa nimesimama kwenye ngazi, sijasoma hata ukurasa mmoja.

Mwl_Chamwino: Pole dada. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini haki ya kuingiza kipato ukishaiuza kwa maandishi, imekwenda. Kijana, sajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamtumia mtu muswada.
Halafu jukwaa msilidharau. Sisi tuliigiza kijijini, chini ya mbuyu, Kiswahili kikichanganyika na Kigogo. Akina mama walipiga ngoma ya muheme, uwanja ukajaa kabla sijatamka neno. Katikati ya igizo bibi mmoja akasimama kumkaripia mume mlevi, akasahau kwamba yule mume ni mwigizaji tu. Nikaenda nyumbani nikaandika upya onyesho zima, maana majibu yake yalikuwa makali kuliko yangu. Runinga haikupi bibi yule.

KizotaKwetu: Na bibi yule alilipa shilingi ngapi, mwalimu?

Mwl_Chamwino: 😂 Alitupa karanga.

Msemakweli_Ilazo: Kwa hiyo nikitaka runinga lazima nihamie Dar?

Zabibu_Tamu: Siku hizi kuna treni ya SGR, unakwenda kikao na kurudi kulala kwako. Kuandika andikia hukohuko Ilazo, kodi nafuu. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na igizo, nione watu wanapiga miayo wapi. Lina wahusika wangapi?

Msemakweli_Ilazo: 14.

Zabibu_Tamu: Nauli na chakula cha watu 14 atatoa nani? Punguza wabaki 4, kisha nitumie.

Mwl_Chamwino: Baada ya COSOTA!