Kobe wa majini kuota jua nje: beseni, uzio wa kuhamisha au kidimbwi? (Ulinganisho)

Tembea_Taratibu (mwenye mada)

Wakuu, salaam. Nina kobe wawili wa majini, wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Jike gamba lake ni sentimita 19, dume 12. Wanaishi ndani kwenye tangi la kioo, na taa yao ya UVB (ile mionzi ya jua isiyoonekana) imepitisha mwaka. Nataka niwe nawatoa nje mara tatu nne kwa wiki wakaote jua la kweli, ila kila ninayemuuliza ana lake.

Ninazozipima ni hizi. Kuna beseni kubwa la plastiki, lita 100 hivi, nalitoa asubuhi na kulirudisha. Kuna uzio mdogo wa mbao usio na sakafu, wa kuweka kwenye nyasi na kuhamisha. Kuna kuchimba kidimbwi wakahamia nje moja kwa moja. Na kuna wazo la mwenzangu, ambaye hataki usumbufu wowote: tusogeze tangi dirishani, yaishe. Nyie mmepitia ipi, na ipi iliwatokea puani?

Gamba_Gumu

Nianze na la dirishani maana ndilo jepesi kulizika. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu UVB yote. Hiyo UVB ndiyo ngozi ya kobe inayoitumia kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu unayomlisha haifiki kwenye mifupa inavyotakiwa. Kobe ataota jua dirishani miezi na miezi na gamba litazidi kulainika. Kibaya zaidi, tangi likipigwa na jua linageuka sufuria, na aliyemo hana pa kukimbilia. Mwambie mwenzako, kwa upole, kwamba hapana. Hata kulitoa tangi lenyewe nje, hapana.

Na hiyo taa usiihesabu tena. Machoni inawaka vizuri, lakini UVB yake inashuka kimyakimya. Wengi wetu tunabadilisha kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina.

Mama_Pacha

Mimi ni mtu wa beseni, mwaka wa nne sasa. Ni rahisi, unaliosha, unaliona lote kwa jicho moja, na kobe hana pa kujificha ukaanza kumtafuta chini ya maua. Lakini nikupe kisa changu ili usikirudie.

Beseni langu la kwanza lilikuwa jeusi. Nilitia maji ya kufika mgongoni tu, nikaliweka juani, nikafunika nusu kwa ubao. Saa tatu asubuhi kila kitu shwari. Nikaenda kuanika nguo. Niliporudi nilisikia makucha yanakwaruza plastiki, kru kru kru, nikasema leo kobe wangu amechangamka. Nikachovya kidole. Maji yalikuwa kama ya kuoga mtoto mchanga. Kipimajoto kilisoma nyuzi 34. Ubao ulikuwa palepale nilipouweka, ila jua lilikuwa limezunguka na kivuli kimeangukia nje ya beseni! Hakuwa amechangamka, alikuwa anatafuta njia ya kutoka.

Tangu siku hiyo: beseni la rangi nyeupe, maji mengi (maji machache hupata moto upesi), tofali moja la kupandia, na kivuli nakiweka upande ambao jua linaelekea, siyo linapotoka. Maji yakifika 30 naongeza ya baridi kidogokidogo. Yakigusa 32, kipindi kimekwisha.

Fundi_Wavu

Dada Mama_Pacha amesema kweli tupu, ila beseni halimpi kobe nafasi ya kutembea, na jike wa sentimita 19 anahitaji kutembea. Mimi kura yangu ni uzio. Nimetengeneza vinne hadi sasa, na vitatu vya kwanza vilikuwa na makosa.

Cha kwanza nilijenga kuta za wavu wa kuku. Kobe akiona nje haelewi kwa nini hapiti, basi anatembea kandokando ya wavu huku anausukuma kwa pua mpaka pua inachubuka. Kuta ziwe za mbao, asione kitu. Cha pili kilikuwa kifupi. Usidanganywe na umbo lake: kobe anasimama kwa miguu ya nyuma, anakita makucha penye pembe, anajivuta. Kimo cha ukuta kiwe walau mara mbili ya urefu wa gamba, na kila pembe ipigiliwe kibao cha pembetatu juu. Cha tatu alikipita kwa chini. Nilikuwa napokea simu, dakika chache tu, nikakuta shimo la kutosha kobe mmoja na uzio mtupu. Tulimpata chini ya lundo la majani makavu hatua 20 kutoka pale, na yeye ndiye aliyeonekana kukasirika.

Kwa hiyo cha nne kina wavu uliolala chini kuzunguka ukuta kwa ndani, upana wa sentimita 30, umefukiwa kidogo. Juu kina kifuniko cha wavu, maana kunguru na mwewe hawabishi hodi. Usifunike kwa plastiki angavu ukadhani ni sawa: nyingi huzuia UVB kama kioo, halafu joto linabaki ndani. Wavu unapunguza jua kidogo tu.

Na ndani ya uzio weka karai la maji analoweza kuingia na kutoka mwenyewe. Huyu ni kobe wa majini, anapoa kwa maji na hata chakula anameza vizuri akiwa ndani ya maji.

Jua_la_Asubuhi

Nashangaa mnahangaika hivyo. Wangu nilimtoboa tundu dogo ukingoni mwa gamba, nikapitisha kamba, namfunga kwenye mti. Anatembea atakako, hapotei. Mwaka mzima hajalalamika.

Gamba_Gumu

Ndugu yangu, hajalalamika kwa sababu kobe hana sauti ya kulalamika. Gamba siyo kucha wala siyo kibanda alichojivika. Ni mifupa yake, mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo, na chini ya lile tabaka la juu kuna damu na neva. Ukimkuna gamba anahisi. Tundu ni kidonda kilicho wazi kwenye mfupa, na kobe wa majini analoweka kidonda hicho kwenye maji yenye kinyesi chake kila siku. Kamba nayo ikijizungusha kwenye mguu au ikampindua chali juani, huna kobe: akilala chali matumbo yanalalia mapafu, na pale pale anapikwa. Fungua hiyo kamba leo, mpeleke kwa daktari wa wanyama aangalie tundu.

Jua_la_Asubuhi

Mh. Nimekuelewa mkuu, sikujua. Nilimwona mtu akifanya hivyo nikaiga. Kamba nimeshaitoa.

Kidimbwi_Tele

Nilikuwa nasubiri mtu aguse kidimbwi. Ninacho, nakipenda, na namshauri mwenye mada asianze nacho.

Uzuri wake ni maji mengi. Maji mengi hayabadiliki joto kwa pupa, kobe anachagua mwenyewe: juu juani, chini kwenye baridi, gogoni, kivulini. Hakuna beseni litakalompa hivyo. Ila watu wanachimba shimo, wanatandika turubai, wanadhani wamemaliza. Siku ya mvua kubwa maji yanapanda mpaka ukingoni na kobe anatoka akielea, bila kupanda chochote. Toboa njia ya kutolea maji yanayozidi, chini kidogo ya ukingo, na uizibe kwa wavu. Mawe yasiwe na nafasi ya kobe kukwama chini ya maji, kwani hata yeye huzama akikosa kupanda kuvuta hewa. Usiku ndiyo kazi nyingine: panya, paka wa mtaani, nguchiro. Nyasi na maua ya karibu yasipuliziwe dawa.

Na akitoroka, hasara siyo yako tu. Aina hii ya mstari mwekundu imeenea kwenye mito na maziwa ya watu duniani kote kwa sababu ya kobe waliotoroka au kuachiwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuingiza kobe hao mwaka 1997, kwa kuwa wanashindana na kobe wenyeji kwa chakula na sehemu za kuotea jua. Kidimbwi bila uzio ni sawa na kuwaachia polepole.

Mama_Pacha

Kuna jambo moja hamjaligusa. Jike wa 19 huenda ana mayai, hata kama dume hajamsogelea. Mayai matupu hutengenezwa vilevile. Akiwa nje ukamwona hatulii, hali, ananusa udongo na kuchimba kwa miguu ya nyuma, hatafuti kutoroka. Anatafuta pa kutagia. Asipopata, mayai yanaweza kukwama, na hapo ni daktari. Hapa nakubaliana na Fundi kabisa: beseni halina udongo.

Halafu usiwaweke wawili kwenye beseni moja. Dume mdogo akianza kumtetemeshea jike makucha usoni, jike hana pa kwenda, na akichoka atamng'ata. Watoe kwa zamu.

Tembea_Taratibu (mwenye mada)

Asanteni sana. Maswali mawili kabla sijaanza: muda gani unatosha, na huku "kumwangalia" kunamaanisha nini hasa?

Fundi_Wavu

Anza na dakika 20 hadi 30 jua la asubuhi, uone anavyolichukua. Kobe akifunua mdomo, akitoa povu, au akikimbia huku na huko kama aliyechanganyikiwa, amezidiwa: kivulini, kwenye maji ya uvuguvugu, siyo ya barafu. Maji ya nje yakaribiane na ya tangi. Usimtoe kwenye 26 ukamtumbukiza kwenye 18.

Kumwangalia ni kukaa na kiti chako pale. Simu iache ndani. Nasema kwa uzoefu.

Kidimbwi_Tele

Na mikono kwa sabuni kila unapomaliza. Kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Marekani walizuia tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni. Beseni la kobe lisioshewe penye vyombo.

Tembea_Taratibu (mwenye mada)

Mrejesho, wakuu. Jike nimemwekea uzio wenye karai na kona ya udongo laini. Dume beseni jeupe. Kidimbwi tutakiongelea mwakani. Mwenzangu amesoma uzi wote, akasema dirisha lake limetukanwa vya kutosha.

Leo hewa ilikuwa 28, maji ya beseni 26. Jike nilipomweka kwenye nyasi alijifungia ndani ya gamba dakika kama kumi hivi, akatoa pua, akazunguka ukuta mara mbili, akaenda kwenye karai akakaa kivulini amenuna. Nilipokaribia kukata tamaa alitoka, akasimama nusu juani nusu kivulini. Hakuchimba.

Dume alipanda tofali bila kuuliza. Alinyoosha miguu ya nyuma kama mtu aliyejilaza mkekani, vidole vimetanuka, shingo yote nje, macho yamefumba. Nilimsogezea ubao mara tatu kufuata jua na hakufungua jicho hata mara moja. Ila Fundi, pembe moja ya uzio jike ameshaikita makucha. Kile kibao cha pembetatu, unapigilia kwa misumari au skrubu?

Fundi_Wavu

Skrubu. Misumari ataing'oa.