Mrejesho: duka, kuchora na maigizo

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tano niliuliza nitawezaje kuchora na kuigiza huku nauza vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya, mpaka saa kumi na mbili jioni. Asanteni mno.

Ule ushauri wa kuamka alfajiri nichore umenishinda. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Vidole viligoma hata kushika penseli. Sasa nachora mchana nikisubiri wali maharage, kwenye maboksi matupu ya misumari.

Aliyesema nimwambie bosi ukweli, ubarikiwe: Jumatano ananiachia saa kumi niwahi mazoezi ya igizo, nami nafidia Jumapili. Ila nafasi ya mhusika mkuu nilishaipoteza kwa utoro wa mazoezi. Nimebaki mlinzi wa getini, mistari minne. Mmoja bado nausahau.