Mafuta ya upako kwenye meza ya dagaa: ulinzi wa Mungu au hirizi ya kwenye chupa?

Wakuu habari za jioni, naomba tujadili hili bila matusi. Dada yangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ameokoka miaka mingi tu, sasa toka mwaka jana analia chuma ulete (ule uchawi wa kuvuta hela za mtu) inammaliza, yani anauza kutwa nzima jioni akihesabu hela haieleweki. Akaenda kwenye maombi huko Igoma akapewa kichupa cha mafuta ya upako, nasema kupewa kwa heshima tu maana kalipia elfu kumi. Kila asubuhi kabla hajafungua gunia anapaka kona nne za meza, halafu tone moja kwenye kikopo cha hela. Juzi nimemshikia meza kidogo, noti zinateleza na zinanuka alizeti, mteja mmoja kaikataa chenji ya elfu mbili akidhani feki.

Mimi naamini mapepo yapo, Yesu mwenyewe aliyakemea, hapo sibishani. Ila babu yetu alikuwa anafunga hirizi kwenye mtumbwi kabla ya kuingia ziwani, tukamwambia babu huo ushirikina, leo sisi tunapaka meza. Tofauti ni lebo au kuna kingine?

Shemeji, ambaye ndo alimpeleka, kanijibu na Matendo 19, kwamba leso za Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa na pepo wakatoka. Hapo kanibana kweli, mstari wa 12 upo. Lakini si asogee mbele kidogo? Sura hiyohiyo wana saba wa Skewa walilitumia jina la Yesu kama dawa ya kienyeji, aliyepagawa akawapiga wakakimbia uchi wana majeraha, na mstari wa 19 waliokuwa wachawi wanachoma vitabu vyao vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha, yani walikula hasara wao, hakuna aliyewauzia kitu. Hata Yakobo 5:14 mafuta yapo, ila ni mgonjwa anaita wazee wa kanisa wamwombee, kikopo cha hela hakijatajwa popote.

Na Moshi tusijifanye tumesahau, Februari 2020 watu 20 walikufa wakigombania kukanyaga mafuta.

Wakatoliki najua mnakuja na maji ya baraka, lakini yenu yapo mlangoni bure, na kupunga pepo padre hafanyi bila ruhusa ya askofu, angalau kuna breki.

Sasa kilichonichosha, nilimwomba dada daftari la madeni, hana! Mama ntilie watatu wanabeba dagaa kwa mkopo toka Pasaka, hesabu yote ipo kichwani. Nikamwambia dada hiyo chuma ulete yako mbona ina namba za simu, kanuna mpaka leo, na shemeji anasema imani yangu ndogo.

Nyie mnaopaka, hebu semeni ukweli, siku kichupa kikiisha unafungua biashara au unabaki nyumbani?