Naomba ushauri: kupunguza uzito wa hifadhidata ya vekta

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Hapa Lamu tuna vipande 400,000 vya tenzi na mahojiano ya wazee, na kila kimoja nimekigeuza kuwa vekta, yaani orodha ya namba 768 inayowakilisha maana yake, ili msomaji atafute kwa maana, si kwa neno pekee. Kila namba huchukua baiti 4, hivyo vekta peke yake zinakaribia gigabaiti 1.2, kabla ya viungo vya faharasa ya HNSW (mtandao unaounganisha vekta zinazokaribiana ili utafutaji uwe wa haraka), ilhali kompyuta yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 2 tu na utafutaji umekuwa mzito mno.

Nilijaribu kubana kila namba iwe biti 1. Nafasi ilipungua mara 32, lakini nilipotafuta habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba, nililetewa mahojiano ya washonaji kofia, jambo lililonisikitisha sana.

Je, nitumie baiti 1 kwa kila namba, au nibaki na biti 1 kisha matokeo 200 ya kwanza yapimwe upya kwa vekta kamili zilizoko diskini? Na kwa kuwa tunaongeza mahojiano kila wiki, faharasa ya IVF, inayogawa vekta katika makundi ambayo vitovu vyake hupangwa mapema, itatufaa kweli?